Kuku wa nyama Unguja: tuchanje kuhara damu au tuendelee na dawa ya maji?

#1 MfugajiFuoni
Assalaam alaykum wanajamvi. Naleta dai, mwenye hoja anipinge.

Nafuga kuku wa nyama Fuoni, mia tano kila bechi. Wiki ya tatu ikifika hadithi ni moja. Hawafi wengi, lakini wanadumaa: chakula kinaliwa, uzito hauji, manyoya yametimka, na asubuhi juu ya maranda unakuta kinyesi cha kamasi nyekundu. Nikitia amproliamu, ile dawa ya kuhara damu ya dukani, kwenye maji wanachangamka, ila siku zilizopotea hazirudi. Kuku wa kutoka wiki ya tano namlisha mpaka ya sita, na mfuko wa chakula umevuka bahari kutoka Dar, bei yake mnaijua.

Dai langu: tunachanja mdondo (kideri), tunachanja Gumboro, halafu utumbo tunauachia dawa za dukani. Kwenye kuku wa nyama chakula kinabeba kama asilimia 60 mpaka 70 ya gharama, na kinageuka nyama kwa kazi ya utumbo. Utumbo ukichubuka, pesa inatoka na kinyesi. Nchi nyengine kifaranga anachanjwa kuhara damu siku anayoanguliwa. Sisi tunangoja nini?

#2 Kombo_Wete
Wa alaykum salaam. Kwani chanjo ya kuhara damu ipo? Mie najua ya kideri na ya ndui tu.

#3 BiMwera
Ipo Kombo, na ya zamani. Coccivac ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1952. Ila usiifananishe na ya kideri. Kideri ni kirusi. Hichi cha kuhara damu ni kimelea, kinaitwa Eimeria, na kwa kuku zinatajwa aina saba. Ndani ya chupa ya chanjo mna mayai ya vimelea hao hao, wazima, kwa kiasi kidogo. Kifaranga anameza, anaugua bila kuonesha, mwili unajifunza. Kinga ya aina moja haimkingi na nyengine, ndiyo maana chupa moja inachanganywa aina kadhaa.

Nafuga wa mayai. Wangu wanakaa bandani mwaka na zaidi, kwa hiyo hili jambo linanihusu kuliko linavyomhusu mwenye kuku wa wiki tano.

#4 Kombo_Wete
Yaani nimtie kifaranga ugonjwa kwa mkono wangu? Subhanallah.

#5 MzeeWaDole
Usishtuke mwanangu. Ng'ombe wa maziwa wanachanjwa ndigana kali kwa mtindo huo huo: anapigwa vimelea hai na sindano ya oksitetrasaiklini siku moja, dawa inauzuia ugonjwa usimshinde na kinga inabaki.

Lakini MfugajiFuoni, mie nasema tatizo lako ni banda. Nenda chini ya vinyweo, shika maranda kiganjani, fumba ngumi, fumbua. Yakibaki donge, yamelowa. Yakipasuka pasuka na kuachana, yako sawa. Yai la kimelea likitoka na kinyesi haliambukizi saa ile. Linataka unyevu, joto na hewa, siku moja mpaka mbili, ndipo linaiva. Masika ya Unguja inalipa vyote vitatu bure. Inua vinyweo vilingane na mgongo wa kuku, ziba vinavyovuja, fungua pazia upepo upite. Chanjo baadaye.

#6 MfugajiFuoni
Shikamoo mzee. Maranda nayatoa yote na kutia mapya kila wiki. Banda langu ukiingia huambiwi kuna kuku. Na bado.

#7 KijanaSUA
Marahaba ya mzee ikishapita, niseme neno kwenye hilo la kila wiki.

Ukichanja halafu ukaendelea kutoa maranda yote kila wiki, utakuwa umetupa chanjo. Kipimo cha siku ya kwanza ni kidogo mno, peke yake hakitoshi. Kifaranga anameza, baada ya siku kama tano mpaka saba anatoa mayai mapya kwenye kinyesi, yanaiva kwenye maranda, anayadonoa tena. Mizunguko miwili mitatu ya namna hiyo ndiyo inayojenga kinga, ikikamilika kama wiki ya tatu au ya nne. Ukizoa maranda katikati, mzunguko umekatika. Ukiwaweka juu ya waya ambapo kinyesi kinadondoka chini, ndiyo hivyo hivyo. Na yakikauka kupita kiasi, mayai hayaivi. Kwa hiyo chanjo inataka maranda ya wastani, yasiyolowa wala yasiyo vumbi, na yaachwe. Mzee wa Dole yuko sahihi juu ya donge, ila asiyakaushe yakawa kama unga wa msumeno ulioanikwa.

La pili: angalia mfuko wa chakula. Vyakula vingi vya kuku wa nyama vimeshatiwa dawa ya koksidia, yaani hao hao Eimeria wa kuhara damu, kiwandani, salinomaisini au monensini. Ukichanja na huku unalisha hicho, dawa inaua chanjo. Unalipa mara mbili na hupati hata kimoja.

Jambo hili si la kuku peke yao. Nguruwe wana bakteria anaitwa Lawsonia intracellularis, ananenepesha ukuta wa utumbo mdogo mpaka mnyama anakula hakui. Hafi, anadumaa tu, sawasawa na anavyolalamika MfugajiFuoni. Wanachanjwa, na mojawapo ya chanjo zake ni bakteria hai wa kunyweshwa. Siku kadhaa kabla na baada ya kunywesha, antibaiotiki zinasimamishwa, vinginevyo chanjo inakufa tumboni. Ulaya walisukumwa huko zaidi baada ya kupiga marufuku antibaiotiki za kukuzia mwaka 2022.

#8 Mtumbatu
Kijana Morogoro kumekuzoea. Umeanza na kuku wa Fuoni umetufikisha kwa nguruwe 😂 Rudi nyumbani.

#9 Hamad_Odense
Mwacheni, anachosema kina maana. Niko Denmark miaka mingi, na shamba linalopakana na mtaa wetu ni la nguruwe. Kwake yeye ni biashara, na sikuzote tunaongea mambo ya hesabu.

Ila tarehe ziwekwe sawa. Antibaiotiki za kukuzia wanyama Umoja wa Ulaya ulizizuia mwaka 2006. Kilichoondoka Juni 2022 ni zinki oksidi ya kiwango cha dawa, ile waliyokuwa wakiwatilia chakulani watoto wa nguruwe waliotoka kunyonya ili wasiharishe. Hapo ndipo wengi wakageukia chanjo, usafi na kupunguza protini kwenye chakula cha mwanzo.

Na jirani huyu hachanji tu kwa kuwa chanjo ipo. Anachukua kinyesi, kinapelekwa maabara, anaambiwa ni nani yumo tumboni, kisha anapiga hesabu: gramu ngapi kwa siku zinapotea, chanjo ni bei gani, inarudi au hairudi. MfugajiFuoni umepima kinyesi, au umeona wekundu ukaenda dukani?

#10 MfugajiFuoni
Sijapima. Wekundu naujua.

#11 ZuhuraJambiani
Wekundu si lazima uwe koksidia, kaka, na kinyesi cha maji ndiyo kabisa. Sisi wa ukanda wa mawe, maji ya visima yana chumvi. Kuku akinywa chumvi anakunywa zaidi, akinywa zaidi anatoa kinyesi chepesi, maranda yanalowa, halafu ndiyo koksidia inapata shamba. Mie nilihangaika na dawa mpaka nikaanza kukinga maji ya mvua kwenye tangi kwa ajili ya vifaranga. Onja maji yako mwenyewe.

#12 MfugajiFuoni
Fuoni natumia ya bomba, hayana chumvi.

#13 DadaKizimbani
Ya bomba? Subiri hapo hapo. Chanjo ya Gumboro unawapaje?

#14 MfugajiFuoni
Kwenye maji ya kunywa, kama kila mtu.

#15 DadaKizimbani
Basi mie nina maelezo yangu, tofauti na yenu nyote.

Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua chanjo ya Gumboro kabla haijafika mdomoni. Teka maji usiku yalale kwenye chombo wazi, au tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili na nusu kwa lita, uyakoroge kwanza ndiyo utie chanjo. Vinyweo vioshwe bila sabuni wala dawa. Kuku wakae na kiu saa moja au mbili ili wamalize haraka.

Kwa nini nasema hivyo: Gumboro inapiga kifuko cha kinga kilichopo juu ya tundu la haja. Kuku aliyepigwa Gumboro hana askari wa kumlinda, na koksidia ambayo angeimudu inamlaza. Umri wake ni huo huo, wiki ya tatu mpaka ya sita. Unaona damu, unasema kuhara damu, unatia amproliamu, na chanzo umekiacha.

Kuku akifa asizikwe hivi hivi. Mpasue. Tafuta vile vipofu viwili vya utumbo, vifuko vinavyoning'inia karibu na mwisho. Vikivimba na ukivichana ukakuta damu nyeusi imeganda ndani, huyo ni Eimeria tenella. Ukikuta mistari myeupe imekatiza kama ngazi kwenye utumbo wa mwanzo baada ya firigisi, ni Eimeria acervulina, na huyo hatoi damu, anaiba uzito kimya kimya. Kisha angalia kile kifuko cha kinga: kikiwa kimevimba kina majimaji au damu, au kimesinyaa kabisa, usiniambie habari za koksidia peke yake.

#16 MzeeWaDole
Mashaallah binti. Huu ndio msaada.

#17 Kombo_Wete
Mie swali dogo. Nikiwapa amproliamu natia na vitamini kwenye ndoo hiyo hiyo ili wapate nguvu. Nafanya vizuri?

#18 BiMwera
Hapana Kombo! Amproliamu inafanya kazi kwa kujifanya vitamini B1, kimelea kinaikamata hiyo badala ya ile ya kweli, kinakosa chakula. Ukimwaga vitamini yenye B1 kwenye ndoo ile ile unakipa kimelea alichonyimwa. Maliza dawa kwanza, siku kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko, vitamini baadaye. Nusu ya watu wanaosema "dawa imeshazoeleka, haifanyi kazi" nimewaona na ndoo ya rangi mbili.

#19 Makame_Mkokotoni
Ila kuzoeleka kupo pia, Bi Mwera. Dawa moja miaka yote, kipimo nusu, siku mbili watu wanaacha. Kimelea kinajifunza.

Na mie naongeza la kwangu. Huku kwetu dagaa wapo, watu wanachanganya chakula nyumbani na kutia dagaa bila kupima. Protini nyingi ya samaki isiyosagika inafika chini ya utumbo, na bakteria wa Clostridium perfringens anaishangilia. Koksidia ikishachubua ukuta, huyo anaingia juu yake, na utumbo ukiupasua ndani unaonekana kama taulo chafu. Hapo amproliamu haikusaidii, kwa sababu unapigana na bakteria. MfugajiFuoni unachanganya mwenyewe?

#20 MfugajiFuoni
Wiki mbili za mwanzo cha kiwandani, baadaye nachanganya. Dagaa natia, ndiyo.

#21 Makame_Mkokotoni
Wiki ya tatu basi ndiyo umebadilisha chakula. Umeona?

Halafu, nje ya mada kidogo, ila ni muhimu. Wenye punda msiwape chakula cha kuku kilichobaki. Jirani alifanya hivyo, punda wake wa gari akaanza kutetemeka na kutoka jasho, hakufika asubuhi. Salinomaisini na monensini ni sumu kwa punda na farasi hata kwa kiasi kidogo. Kuku hazimdhuru kwa kipimo chake, punda zinampiga moyo na misuli.

#22 Mtumbatu
Hili la punda nilikuwa silijui wallahi. Ahsante. Naliambia baraza zima leo.

Mie naona kubwa ni vifaranga vyenyewe. Vinatoka Bara, vinalala bandarini, vinapanda boti, vinafika vimechoka havijanywa maji. Tungeangua wenyewe kisiwani, tukafunga mlango, nusu ya maradhi yangekwisha. Ndorobo, wale mbung'o, tuliwamaliza Unguja, kwa nini si haya?

#23 MzeeWaDole
Ndorobo nimewaona wakiondoka. Walimwagwa madume tasa kwa ndege, kazi ya Serikali na shirika la atomiki la kimataifa, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa huru. Iliwezekana kwa sababu alikuwepo aina moja tu ya mbung'o na bahari imetuzunguka. Kideri labda, tukichanja wote, mpaka kuku wa kienyeji wa bibi wa uani. Chanjo yake ya I-2 haiharibiki upesi kwa joto, ni tone moja jichoni kila miezi mitatu, hakuna sababu ya mtu kukosa. Lakini koksidia iko kwenye udongo wa kila banda kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi. Hiyo utaishi nayo. Na dawa za kawaida za kusafishia hazimuui, ganda lake gumu. Joto na ukavu, au amonia, ndivyo vinavyomfaa.

#24 KijanaSUA
Naunga mkono, na ndiyo sababu narudi kwenye chanjo. Ukiwa huwezi kumfukuza, mfundishe kuku kuishi naye mapema.

Kwa kuku wa nyama lakini nina wasiwasi. Chanjo nyengine zina vimelea wakali kidogo, na siku ya 14 mpaka 21 kuku wanaweza kupungua kasi. Wa mayai wana muda wa kufidia. Wa wiki tano hana. Zipo zilizopunguzwa makali, kama Paracox, zilizotokana na vimelea vinavyoiva haraka na kuzaa kidogo, ila ni ghali zaidi kuzitengeneza.

#25 BiMwera
Na zipuliziwe huko huko zinakoanguliwa. Nilishuhudia Bara: vifaranga kwenye boksi wanapuliziwa matone ya rangi nyekundu, taa imewashwa, wanaanza kudonoana migongoni kwa ajili ya ile rangi. Dakika chache ulimi wa kila mmoja mwekundu. Ukiambiwa bechi imechanjwa, fungua midomo ya wachache uangalie. Kwa mkono wako nyumbani, kunyunyizia juu ya chakula, wengine watakula nyingi wengine hawatapata.

#26 ZuhuraJambiani
Na baridi je? Inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, na ole wako igande, mayai ya kimelea yakiganda yamekufa. Watu wanaitia kwenye friza pamoja na samaki wakidhani wanaihifadhi. Wakubwa humu wanakumbuka umeme ulivyokatika Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Umeme ukikatika ni deli, barafu, na kitambaa kati ya barafu na chupa.

#27 Hamad_Odense
Sasa mmempa mwenye uzi sababu sita: maranda, Gumboro, dagaa, dawa, vifaranga, chanjo. Atashika ipi?

#28 MfugajiFuoni
Nashukuru nyote, ila dai langu sijaliacha. Bechi ijayo nagawa banda kwa ubao katikati. Nusu naagiza waliochanjwa, nusu wasiochanjwa. Gumboro wote kwa maji yaliyolala na maziwa ya unga kama alivyosema Dada. Dagaa napunguza pande zote. Nipime uzito kila Ijumaa.

#29 KijanaSUA
Vizuri, lakini ukibadilisha Gumboro na dagaa pande zote mbili na wote wakafanya vizuri, utasema nini juu ya chanjo? Angalau chakula cha upande uliochanjwa kisiwe na salinomaisini, na viatu viwe viwili. Ukitoka upande mmoja kwenda wa pili na viatu vile vile umewachanja wote kwa soli.

#30 MzeeWaDole
Na upande wa kusi usiwe wa kundi moja tu. Mvua ya masika inaingia upande ule, ukiweka hapo wasiochanjwa utakuwa umepima mvua.

#31 DadaKizimbani
Bado nasema Gumboro.

#32 Makame_Mkokotoni
Dagaa.

#33 BiMwera
Kwa hiyo mia mbili na hamsini ndio wa kuchanjwa, na chupa nyingi ni dozi elfu moja. Ikifunguliwa inatumika siku ile ile. Nani wa Mwera, Tunguu au Bumbwisudi anapokea vifaranga wiki moja na yeye, tugawane gharama?

#34 Mtumbatu
Shemeji yangu yuko Bumbwisudi, wa mayai mia nne. Namuuliza leo baada ya Isha. Ila anabadilisha maranda kila Jumamosi yule, mtamshika vipi?

#35 Kombo_Wete
Sisi Pemba tumekosa, boti haitungojei. Kuna wangu wawili wamelegea toka jana. Nikiwapasua naleta picha za utumbo hapa, Dada Kizimbani na Makame mnisomee.

#36 DadaKizimbani
Lete. Ila mpasue mara tu anapokufa, au mchinje aliyelegea kabisa. Akilala usiku mzima na joto hili utumbo unageuka rangi wenyewe, utaona kila ugonjwa uliotajwa humu. Na picha ya kifuko cha kinga usiisahau, kiko juu ya tundu, kadiri ya kunazi.